Lori lisilovuka mpaka: historia ya karatasi na bariere katika Kivu ya Kaskazini

Lori linalopakia maharagi Lubero na kuyashusha Goma halivuki mpaka wa nchi wala wa jimbo. Linashika barabara ya taifa nambari 2, linapita Kanyabayonga, Rwindi na Rutshuru, na kuingia mji mkuu wa jimbo lile lile lilikotoka. Aliyelima ni mkaaji wa hapa, na atakayekula ni mkaaji wa hapa. Hata hivyo, wazee wa kazi hii wanaikumbuka safari hiyo kama safari ya kusimamishwa. Hapa wanauliza karatasi, pale wanauliza pesa, na mbele kidogo kuna kamba iliyofungwa kwenye miti miwili na mtu amekaa kando yake.

Wengi wanafikiri hilo ni shida ya wenye magari peke yao. Lakini familia iliyokimbia vita inanunua unga na maharagi kwa kopo, na ndani ya bei ya kila kopo kuna pesa zilizotoka njiani. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Lori lenye magunia 100 likisimamishwa mara 10, na kila mara shofere akatoa franka 5,000, zimetoka franka 50,000. Mwenye mali atazigawa juu ya magunia yake, franka 500 kwa kila gunia, kabla ya kuhesabu mafuta, mshahara wa shofere na faida. Mama anayenunua kopo moja sokoni hajui bariere hata moja kwa jina, lakini amezilipia zote.

Si kila pesa inayolipwa barabarani ni ya wizi. Nyingine ni halali, na bila hizo barabara haitengenezwi na mtu aliyegongwa halipwi. Tatizo ni kwamba pesa halali na pesa ya kunyang'anya zinadaiwa mahali pamoja, kwa sauti moja, mara nyingi na watu waliovaa nguo zinazofanana. Ili kuzitenganisha, inafaa kujua kila karatasi ilizaliwa lini na kwa sababu gani.

Kabla ya lori, mgongo wa mtu

Kabla ya magari, mizigo ya Kongo ilibebwa na watu. Katika magharibi, wapagazi walipandisha mali kutoka Matadi hadi Kinshasa mpaka reli ilipomalizika mwaka wa 1898. Huku mashariki upagazi uliendelea zaidi. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la wakoloni lilipovuka kwenda kupigana na Wadachi na kuuteka mji wa Tabora mnamo Septemba 1916, zaidi ya watu laki mbili walilazimishwa kubeba chakula na risasi katika miaka ile ya vita. Wengi hawakurudi vijijini mwao.

Baada ya vita hivyo Wabelgiji walianza kufungua barabara za magari. Katika kaskazini-mashariki, kampuni ya Vicicongo, iliyoundwa mwaka wa 1924, ilijenga reli nyembamba kuanzia Aketi na ikaendesha pia malori ya kukusanya pamba na mazao mengine. Lori lilipunguza mzigo juu ya mgongo wa mtu, lakini barabara yenyewe ilichimbwa kwa mkono wa mtu huyo huyo. Wanakijiji walipewa kipande cha kulinda: kukata nyasi, kuziba mashimo, kufungua mifereji ya maji. Kazi za lazima vijijini zilifika siku 60 kwa mwaka, na katika vita vya pili vya dunia zikapandishwa hadi siku 120.

Wakati ule aliyechunguzwa zaidi barabarani alikuwa mtu. Mwafrika aliyetaka kutoka katika usultani wake na kukaa mbali kwa muda alipaswa kuwa na ruhusa iliyoandikwa, passeport de mutation. Asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa na kurudishwa. Kwa hiyo mazoea ya kumsimamisha msafiri na kumuuliza "karatasi yako iko wapi?" ni ya zamani kuliko biashara ya malori. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, ruhusa ile ilikwisha. Mazoea yalibaki.

Sheria zilizozaliwa kwa sababu

Karatasi nyingi ambazo lori linapaswa kubeba leo zilianza katika miaka 20 ya kwanza ya uhuru. Kila moja ilijibu hatari ya kweli.

Ya kwanza ni hatari ya ajali. Yeyote aliyeshuka mteremko wa Kabasha na lori lenye breki mbaya anajua kwamba kosa la gari moja linaweza kuua watu ambao hawakupanda gari hilo. Mwaka wa 1966 serikali iliunda SONAS, shirika la taifa la bima. Kisha sheria nambari 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ikamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine anaowaumiza au kuwaharibia mali. Watu wengi hawaielewi vizuri bima hii. Hailipi lori lililoanguka, wala hailipi magunia yaliyomwagika mtoni. Inamlinda mtembea kwa mguu, mwenye nyumba kando ya barabara na abiria wa gari lililogongwa. Mwenye lori anayekwepa bima anaokoa pesa zake mwenyewe, na hasara anamwachia mjane wa mtu mwingine.

Kwa karibu miaka 50 bima hiyo iliuzwa na SONAS peke yake. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na kampuni binafsi za kwanza zilipata ruhusa mwaka wa 2019. Tangu hapo, bima yenye jina la kampuni nyingine inaweza kuwa halali sawasawa na ile ya SONAS, mradi kampuni hiyo imekubaliwa na ARCA, idara ya serikali inayosimamia bima.

Hatari ya pili ni ya barabara yenyewe. Mwaka wa 1971 iliundwa Office des Routes ili itunze barabara kubwa za nchi. Hesabu ya serikali inaiwekea kilomita 58,129 za barabara za taifa na za majimbo, na nyingi mno kati ya hizo ni za udongo. Barabara ya udongo haiwezi kubeba uzito wowote utakao. Lori lililozidishiwa mzigo wakati wa mvua linachimba mfereji ambao magari mia moja yatakayofuata yatakwama ndani yake, na daraja la mbao halihesabu faida ya mfanyabiashara. Ndiyo maana uzito wa lori ni jambo la sheria, na kuna mahali lori linapaswa kupimwa.

Hatari ya tatu ni kutomjua mwenye kosa. Sheria ya barabarani inayotumika mpaka leo ni nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ndiyo inayodai gari liandikishwe na liwe na nambari, shofere awe na leseni inayolingana na aina ya gari, na breki, taa na magurudumu viwe katika hali nzuri. Karti roza inaonyesha mwenye gari ni nani. Leseni inaonyesha kwamba aliyekaa kwenye usukani amepimwa. Uchunguzi wa fundi unaonyesha kwamba chuma chenyewe bado kinaweza kazi.

Mwisho kuna kodi. Tangu sheria ya tarehe 10 Februari 1969, kila gari linalipiwa kodi ya mwaka, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la vinyeti. Haitozwi kwa kila safari wala kwa kila gunia. Ukiilipa mwezi wa pili, polisi wa mwezi wa tisa hana haki ya kuidai tena.

Zaire na njaa ya bariere

Sheria zile zilikuwa bado mpya wakati uchumi ulipoanza kuanguka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Maduka, magala na magari ya Wagiriki, Wabelgiji na Wahindi yalibadilisha mikono, mara nyingi kwa watu wenye jamaa serikalini ambao hawakuijua kazi. Malori mengi yalisimama kwa kukosa vipuri. Miaka mitatu baadaye baadhi ya mali zilirudishwa, lakini wenyewe wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Katika Kivu ya Kaskazini pengo hilo lilijazwa kidogo kidogo na wafanyabiashara wa Butembo na Beni. Walipeleka kahawa na mboga, walirudisha vitambaa na mabati, na wakajifunza kutengeneza barabara kwa pesa zao kila serikali ilipochelewa. Vijijini, barabara ziliendelea kulimwa kwa jembe kwa jina jipya la salongo.

Kisha mishahara ya serikali ikapoteza thamani. Septemba 1991, na tena mwanzoni mwa mwaka wa 1993, wanajeshi wasiolipwa walipora miji. Askari aliyekuwa mbali na mji hakuwa na duka la kupora. Alikuwa na barabara. Bariere iliyowekwa kwa ajili ya usalama ikawa mahali pa kula, na lori likawa mshahara. Kosa kwenye karatasi likapata bei, na ikawa afadhali kwa mlinzi wa bariere kwamba karatasi zisikamilike kamwe. Hapo sheria ya 1978 ikageuzwa. Ilitungwa ili gari bovu lisipite, ikatumiwa ili gari lolote lipite baada ya kutoa kitu.

Jimbo moja, serikali mbili

Mwaka wa 1988 Kivu ya zamani iligawanywa kuwa majimbo matatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mpaka wakati ule lori kutoka Goma kwenda Bukavu au Kindu lilikuwa halitoki katika jimbo lake. Baada ya hapo lilivuka mpaka wa jimbo, na kila upande ulikuwa na ofisi zake za kodi. Safari ya Butembo hadi Goma ilibaki ndani ya jimbo moja, angalau kwenye ramani.

Vita vilifuta hata hilo. Uasi wa RCD, ulioanza Goma mnamo Agosti 1998, uligawanyika mwaka uliofuata. Goma na kusini mwa jimbo zilibaki chini ya RCD-Goma, na Beni na Butembo zikawa chini ya RCD-K/ML. Mstari kati yao ulipita upande wa Kanyabayonga. Lori la maharagi lisilovuka mpaka wowote likajikuta linatoka serikali moja na kuingia serikali nyingine, kila moja na muhuri wake, kodi yake na askari wake. Karatasi iliyolipiwa Butembo haikuwa na maana Goma.

Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya mpito ya mwaka wa 2003 yaliunganisha nchi tena. Lakini aliyeishi kwa bariere miaka mitano hakuacha kwa sababu ya sahihi iliyowekwa Pretoria. Vikundi vyenye silaha vilibaki vijijini na vikatoza kodi zao. Wakaaji wengi wa Kivu wanalijua jina la lala salama, pesa ambayo familia inatoa ili isishambuliwe usiku. Wanaijua pia jeton, kikaratasi cha kuonyesha kwamba mtu amelipa mwezi huo. Hata mwenye bunduki porini alielewa kwamba anayelipa anataka risiti. Askari wengine wa serikali hawakutoa hata hiyo.

Katiba, na fungu la jimbo

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kurudisha utaratibu. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye ndani ya nchi haki ya kutembea popote. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na kifungu cha 204 kinaiweka kodi ya magari katika mikono ya jimbo. Kwa mwenye lori anayefanya kazi ndani ya Kivu ya Kaskazini tu, maana yake ni kwamba kodi ya mwaka ya gari lake ni fungu la jimbo lake, na hapaswi kudaiwa kodi ile ile mara ya pili na ofisi nyingine.

Mwaka wa 2008 ulileta mambo mawili. Sheria nambari 08/006-A ya tarehe 7 Julai iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Pesa zake zinatoka hasa katika mafuta na katika péage. Kila lita ya mazuti inayouzwa kwa njia halali ina sehemu ya barabara ndani yake, kwa hiyo mwenye lori ameanza kulipia barabara kabla hajawasha moto. Ndiyo maana wenye magari wanalalamika sana wanapolipa kituoni, wanalipa tena kwenye péage, na bado wanakuta daraja limeoza.

Jambo la pili ni sheria ya mwezi wa kumi mwaka huo huo, iliyoipa miji, mitaa, sekta na usultani mamlaka ya kujiendesha na kuwa na mapato yake. Wazo lilikuwa zuri: usultani wenye soko uweze kulisafisha soko lake bila kungoja Kinshasa. Lakini lori linalopita usultani tatu linaweza kudaiwa mara tatu. Ili kuzuia kila mmoja asijiundie kodi, serikali ilitoa orodha ya kodi ambazo jimbo na ngazi za chini zinaruhusiwa kutoza. Orodha ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 2013, na iliyochukua nafasi yake ni ordonnance-loi nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kisichomo katika orodha hiyo hakiwezi kuitwa kodi ya jimbo wala ya usultani, hata kama kina muhuri.

Kuna mfano mwingine wa kuzingatia. Amri nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilisema kwamba mpakani idara nne tu za serikali zinaruhusiwa kufanya kazi: forodha, OCC, uhamiaji na afya ya mipakani. Amri hiyo ilitolewa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanapita mbele ya meza nyingi mno. Kama mpakani kwenyewe, ambako mali inaingia kutoka nchi nyingine, sheria imeruhusu meza nne, ni vigumu kueleza kwa nini lori la kabichi linalotoka kijijini kwenda mjini lipite mbele ya meza nyingi kuliko hizo.

Upande wa biashara yenyewe, Kongo iliingia OHADA mnamo Septemba 2012. Tangu hapo anayefanya biashara ya usafirishaji kama kampuni anapaswa kuandikishwa katika rejista ya biashara, RCCM, na kuwa na nambari ya kodi. Mdogo mwenye gari moja kwa kawaida anafanya kazi kwa patanti. Hizi ni karatasi za ofisini, si za barabarani. Hazithibitishi kwamba gari ni zima. Zinathibitisha kwamba mwenyewe anajulikana na analipa kodi ya biashara yake.

Hesabu ya mwaka wa 2017

Mwaka wa 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS, yenye makao Antwerp nchini Ubelgiji, ilitoa ripoti juu ya bariere za Kivu mbili. Kichwa chake kilisema kwamba kila kinachotembea kitalipishwa kodi. Watafiti walikuwa wamepanga kwenye ramani bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Nyingine zilikuwa za jeshi, nyingine za vikundi vyenye silaha, nyingine za idara za serikali za kiraia, na mahali pengine zaidi ya mmoja walikaa kwenye kamba moja.

Ripoti ile ilionyesha kwa hesabu jambo ambalo mashofere walikuwa wanalisema siku zote. Watu wengi walikuwa wanafikiri vita vya Kivu vinalishwa na madini peke yake. Lakini maharagi, makala, mbao, ng'ombe na abiria wanapita kila siku, na kila kinachopita kinaweza kutozwa. Asiye na mgodi anaweza kuwa na barabara. Ndiyo maana kikundi kinachopigania kijiji kidogo kwenye njia panda mara nyingi kinapigania kamba itakayofungwa pale.

Miaka iliyofuata haikuleta nafuu. Kuanzia tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Juni 2022 M23 iliteka Bunagana, na mwezi wa kumi mwaka huo Rutshuru na Kiwanja, hivi kwamba barabara ya taifa nambari 2 ikakatwa kaskazini ya Goma. Mwishoni mwa Juni 2024 ikawa zamu ya Kanyabayonga, na mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma wenyewe. Beni na Butembo zilibaki chini ya Kinshasa. Jimbo likawa tena na tawala mbili, kila moja ikikusanya kodi upande wake, karibu kama ilivyokuwa miaka 20 na zaidi iliyopita.

Katika kipindi hicho baadhi ya wafanyabiashara wa Butembo walipitisha mali Kasindi, ndani ya Uganda, na kuirudisha Kongo kwa mpaka mwingine ili ifike Goma. Gunia lililotoka Kivu ya Kaskazini kwenda Kivu ya Kaskazini likavuka mipaka ya nchi mara mbili. Bei yake ilifuata.

Karatasi za leo, na maswali manne

Historia hii yote inaweza kufungwa katika bahasha ambayo shofere anaweka juu ya kioo cha jua. Kwa lori linalofanya kazi ndani ya jimbo moja, bahasha hiyo inapaswa kuwa na karti roza, leseni ya shofere ya aina inayolingana na gari, bima ambayo muda wake haujaisha, karatasi ya uchunguzi wa fundi, risiti ya kodi ya mwaka ya gari, na ruhusa ya usafirishaji inayotolewa na ofisi za uchukuzi. Inafaa pia kuwa na karatasi ya mzigo inayoonyesha nini kimepakiwa, wapi, na kwa ajili ya nani. Ofisini kwa mwenye gari panabaki karatasi za RCCM au patanti.

Mwenye gari asiyekuwa na karatasi hizo anaumia mara mbili. Akifanya ajali, hana pa kujificha. Na kwenye bariere, kila upungufu wake ni pesa mfukoni mwa mwingine. Wazee wa barabara wanajua kwamba gari lenye karatasi kamili linasimamishwa pia, lakini mazungumzo yake ni mafupi zaidi.

Kwa pesa yoyote inayodaiwa njiani, sheria zilizotajwa hapa zinatoa maswali manne. Kodi hii imeandikwa katika sheria gani? Ni ofisi gani iliyopewa haki ya kuitoza? Kiwango chake ni kiasi gani? Na risiti yenye nambari iko wapi? Péage ya kweli inajibu yote manne, na ofisi ya jimbo inayofanya kazi yake vizuri pia. Kamba iliyofungwa kwenye miti miwili haijibu hata moja.

Si busara kumwuliza maswali hayo mtu mwenye bunduki, usiku, porini, na hakuna gunia lenye thamani ya maisha ya shofere. Lakini mahali, tarehe, saa na kiasi vinaweza kuandikwa baada ya kupita. Chama cha mashofere, ACCO, shirikisho la wafanyabiashara, FEC, na mashirika ya raia wanapopeleka malalamiko kwa viongozi, kiongozi anaweza kusema "hatuna habari" mbele ya maneno matupu. Mbele ya daftari lenye tarehe 40 na majina ya mahali 12, jibu hilo linakuwa gumu.

Siku familia zitakaporudi vijijini, vitu vya kwanza watakavyohitaji vitakuja kwa lori: mbegu, majembe, mabati, saruji, dawa. Mavuno yao ya kwanza yatatoka kwa lori hilo hilo. Mkulima atakayerudi Masisi au Rutshuru atahesabu kama inafaa kulima zaidi ya chakula cha nyumbani, na hesabu yake itaanza na swali moja: kutoka shambani hadi sokoni kuna bariere ngapi?